Shekhar Mehta: shofere aliyefukuzwa Uganda, akashinda Safari Rally mara tano

Vijana wenye kufuata mbio za motokari kwenye simu wanajua majina ya Ulaya. Watakutajia piloti wa Formula 1, timu yake, na hata kampuni iliyoandikwa mgongoni. Lakini ukiwauliza ni nani aliyeshinda Safari Rally, yale mashindano makubwa ya Afrika ya Mashariki, mara nyingi kuliko wote wakati wa ubingwa wa dunia, wengi watanyamaza. Jina lake ni Shekhar Mehta. Alishinda mara 5: mwaka 1973, kiisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Hiyo minne ya mwisho ilifuatana, bila mtu kumkata katikati.

Mehta alizaliwa Uganda, akafukuzwa na Idi Amin, akapokelewa Kenya, akapewa kazi na Wajapani, na mwisho akawa mmoja wa wakubwa wa FIA, shirikisho la dunia la magari. Amekufa miaka mingi sasa. Lakini maisha yake yanaonyesha vizuri jambo moja ambalo watu wa michezo wa huku mashariki mwa Kongo wanalijua sana: kuwa na kipaji ni kitu kimoja, na kupata mwenye kulipa ni kitu kingine.

Mtoto wa tajiri na mchezo wa matope

Shekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945, Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza. Familia yake ilikuwa ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Kusema kweli, hakuanza maisha kwa shida. Alipofika miaka 21 aliingia kwenye rali na gari aina ya BMW, na wakati ule kijana wa kawaida wa Kampala hakuweza hata kuota kuwa na BMW.

Hapo watu wengi walisema, na wengine wanasema mpaka leo, kwamba mchezo huu ni wa watoto wa matajiri. Si uongo wote. Motokari ni ghali, matairi ni ghali, mafuta ni ghali, na gari likigonga jiwe usiku porini hakuna anayekurudishia feza yako. Mwanzoni feza ya nyumbani ilimfungulia Mehta mlango. Lakini kuna kitu feza ya nyumbani haiwezi kununua, nacho ni kufika mwisho wa Safari.

Safari yenyewe ilianza mwaka 1953. Waingereza waliitengeneza kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hiyo ni Tanganyika ya ng'ambo ya ziwa, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania, siyo jimbo la Tanganyika la Kongo. Kwa miaka mingi ilikuwa inafanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka katika nchi zile ni wakati wa mvua ndefu.

Watu wanaotoka Ankoro kwenda Manono katika miezi ya mvua hawahitaji kuelezwa sana. Barabara inakuwa potopoto, gari linazama mpaka tumboni, mto unajaa kwa saa moja na kukata njia. Sasa chukua hali hiyo, uirefushe mpaka karibu kilometa 5,000, uikimbie kwa siku nne ao tano, mchana na usiku, barabara ikiwa wazi kwa malori, mabasi, ng'ombe, twiga na watoto wa shule. Ndiyo Safari ya zamani. Mwaka 1963 yalifika magari 7 tu. Mwaka 1968 tena yakafika 7.

Kushinda huko hakukutegemea mbio peke yake. Kila kituo kilikuwa na saa yake, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kama adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Kwa hiyo shofere alitakiwa kujua wapi pa kukimbia na wapi pa kutuliza gari, wapi mto unapitika na wapi ni kujiua. Pembeni yake alikaa mwelekezi, mwenye kusoma karatasi za njia na kuhesabu saa. Na nyuma yao kulikuwa na mafundi wenye kulala vichakani kusubiri gari lifike limevunjika.

Mwaka 1971 Mehta aliingia na Datsun 240Z, gari la Wajapani lenye injini ya silinda 6. Mwelekezi wake alikuwa Mike Doughty. Walimaliza wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann ambaye naye alikuwa na Datsun 240Z ya namna hiyo hiyo. Wa tatu alikuwa Bert Shankland wa Tanzania na Peugeot, mtu aliyeshinda Safari mara mbili, 1966 na 1967. Kumaliza katikati ya watu kama hao kuliondoa maneno ya mtoto wa tajiri. Wajapani walianza kumwangalia kwa macho mengine.

Siku 90

Mwezi wa 8 mwaka 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda wana siku 90 kuondoka. Maelfu kwa maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Wengi waliondoka na sanduku moja na feza kidogo sana mkononi.

Wazee wa mashariki mwa Kongo wanaweza kulinganisha na jambo lililokuja huku mwaka mmoja tu baadaye. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, na maduka na mashamba ya wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine, yalipewa watu wengine. Ginsi gani maduka mengi yalibaki matupu baadaye, wale waliokuwepo wanakumbuka. Uganda ilipita njia hiyo kwanza, na kwa ukali zaidi, maana mtu hakupoteza duka peke yake, alipoteza nchi.

Familia ya Mehta ilikuwa katika hao waliokimbia. Shekhar alikwenda Kenya. Alikuwa na miaka 27. Feza ya mashamba ya Uganda, ambayo ndiyo ilimlea katika mchezo, haikuwa tena kitu cha kutegemea. Kutoka hapo alikuwa na mali moja ya kuuza: namna yake ya kuendesha gari.

Hapo ndipo maisha yake yanaachana na ya piloti tajiri wa kawaida. Mtu mwenye feza yake anakimbia akitaka, anaacha akichoka. Mtu mwenye kulipwa na kampuni anatakiwa kurudisha matokeo, kama si hivyo mwaka unaofuata kiti chake kinapewa mwingine.

Pasaka ya mwaka 1973

Mwaka 1973 ndio mwaka ubingwa wa dunia wa rali ulipoanza, na Safari ikawekwa katika kalenda yake. Kwa maneno mengine, mashindano ya Afrika ya Mashariki yaliwekwa meza moja na Monte Carlo. Makampuni ya Ulaya na Japani yalileta magari, mafundi na piloti wakubwa. Mwaka mmoja kabla, 1972, Hannu Mikkola wa Finland alikuwa amevunja mwiko: alishinda na Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Kabla yake washindi wote walikuwa wakaaji wa Afrika ya Mashariki. Sasa kila mtu wa Ulaya aliona kwamba inawezekana.

Mehta alianza na Datsun 240Z, safari hii mwelekezi wake akiwa Lofty Drews. Ilikuwa imepita miezi michache tu tangu akimbie Uganda. Mpinzani wake wa mwisho hakutoka timu nyingine. Alikuwa Harry Källström wa Sweden, naye na Datsun, aina ya 1800 SSS.

Magari yalipofika mwisho na hesabu kufungwa, wote wawili walikuwa na adhabu 406. Sawasawa kabisa, baada ya siku na usiku wa kukimbia. Kitu kama hicho hakikuwa kimezoeleka. Ikabidi kufungua kanuni. Kanuni ilisema kwamba wakilingana, anachukuliwa yule aliyekwenda mbali zaidi kutoka mwanzo kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Karatasi zilipotazamwa, alikuwa Mehta. Källström akawa wa pili.

Kwa Datsun haikuwa shida, gari lao lilishinda kwa vyovyote. Lakini kwa Mehta tofauti ilikuwa kubwa mno. Mtu asiye na nchi alipewa ushindi wa kwanza wa Safari katika ubingwa wa dunia. Kama angepata adhabu kituo kimoja mapema zaidi, jina lake lingekuwa la pili tena, kama mwaka 1971, na watu wangemsahau.

Nani analipa?

Ili kuelewa yaliyofuata, inafaa kueleza namna feza ya mchezo huu inavyozunguka.

Mashindano makubwa yanahitaji mwenye kulipa. Wakati mwingine anayelipa ni serikali. Pale Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana kwa sababu utawala wa Mobutu ulikubali kutoa dola milioni 5 kwa kila mmoja. Zaire ilitaka jina lake lisikike duniani, ikalipia.

Kwenye rali anayelipa mara nyingi ni kiwanda cha magari. Kiwanda hakitoi feza kwa mapenzi. Wajapani wa Datsun walianza kuja Safari mwaka 1963, wakati magari yao yalikuwa bado hayajulikani. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: gari likimaliza Safari, mkulima wa Kenya, mwenye duka wa Tanzania na mwenye teksi wa Zambia wataona kwamba gari hilo linavumilia. Basi shofere anayeshinda Safari ni kama bango la matangazo lenye kutembea. Pale jina la kampuni ya sigara ao ya mafuta linapobandikwa mlangoni, ni hesabu ile ile.

Shida yake ni kwamba hesabu hiyo inaweza kubadilika kwa sababu isiyomhusu shofere hata kidogo. Na ilibadilika mara moja. Mwishoni mwa mwaka 1973 nchi za Waarabu zilipunguza mafuta, bei ikapanda dunia nzima. Kukimbiza magari kwa mchezo kukaonekana ni aibu. Monte Carlo na Sweden za mwaka 1974 zilifutwa. Viwanda vingi vilikaza mkanda.

Mehta, bingwa wa Safari, alijikuta anatafuta kiti. Mwaka 1974 aliingia Safari na gari la Lancia, kampuni ya Italia. Mshindi mwaka ule alikuwa Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya, na Mitsubishi. Singh alikuwa ameshinda tayari mwaka 1965, na alishinda tena 1976. Mwaka 1975 alichukua Ove Andersson wa Sweden na Peugeot, 1977 Björn Waldegård wa Sweden na Ford, 1978 Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa na Peugeot. Miaka mitano ilipita bila Mehta kushinda. Mtu mwenye ushindi mmoja tu, tena wa kutenganishwa kwa kanuni, alikuwa karibu kuitwa mwenye bahati.

Miaka minne bila kushindwa

Kilichomrudisha ni Datsun, na safari hii si gari la kifahari kama 240Z. Ilikuwa Datsun 160J, ambayo pia inaitwa Violet: saluni ndogo ya milango minne, gari ambalo mwalimu ama karani angelinunua kwenda nalo kazini. Mwelekezi wake alikuwa tena Mike Doughty, yule wa mwaka 1971.

Mwaka 1979 Mercedes ya Ujerumani ilikuja Safari na feza nyingi, gari kubwa la 450 SLC lenye injini ya lita 5, na piloti wa juu kama Mikkola na Waldegård. Waldegård mwaka ule ule akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali. Kwa kuangalia karatasi, Datsun ndogo haikuwa na nafasi. Lakini mwisho wa njia Mehta alikuwa wa kwanza na Mikkola wa pili.

Mwaka 1980 Mercedes ilirudi, Mehta akashinda tena. Wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, naye katika Datsun. Mercedes ya kwanza, ya Vic Preston Junior wa Kenya, ilikuwa ya tatu. Mwisho wa mwaka huo Mercedes ilifunga kazi yake ya rali. Feza nyingi ilitumika, na ushindi wa Safari, ambao waliutaka sana, hawakuupata.

Mwaka 1981 Mehta na Violet GT alishinda mara ya tatu mfululizo, tena mbele ya Aaltonen. Huyu Aaltonen alikuwa piloti mkubwa aliyejaribu Safari miaka mingi. Alimaliza wa pili mara kadhaa na hakushinda hata mara moja. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani na Opel, mtu aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka ule ule. Mehta alimtangulia.

Ushindi huo wa miaka minne una siri isiyo ya ajabu. Mehta alijizuia. Wageni wengi walikuja na mbio za Ulaya, wakavunja gari siku ya pili. Yeye alifanya mazoezi ya njia wiki nyingi, alijua mahali ambapo vumbi linaficha jiwe, na alikuwa na mafundi wa Datsun waliojua udhaifu wa kila kipande cha gari. Gari jepesi lenye kufunguliwa na kufungwa upesi lilimfaa kuliko gari lenye nguvu nyingi. Kila shofere wa lori wa njia ya Kabalo anajua hesabu hiyo: anayefika ni yule aliyebakiza gari.

Mtaalamu wa Safari, basi?

Hapa kuna upande mwingine wa maisha yake, ambao hausemwi sana. Viwanda vilikuwa na namna mbili za kuajiri. Piloti wa Finland ao Sweden alipewa kontra ya mwaka mzima: Monte Carlo, Ureno, Ugiriki, Uingereza na kwingineko. Piloti wa Afrika mara nyingi alichukuliwa kwa Safari tu, kwa sababu anajua njia, anajua lugha, na hagharimu sana. Pasaka ikipita, Wazungu wanapanda ndege na magari, na yeye anabaki Nairobi kusubiri mwaka mwingine.

Mehta alijaribu kuvunja ukuta huo. Alikwenda Ugiriki, alikwenda Amerika ya Kusini, mara nyingi mkewe Yvonne akikaa pembeni yake kama mwelekezi. Watu wachache katika mchezo ule waliweza kufanya kazi hiyo mume na mke, kwa sababu gari la rali si mahali pa kubembelezana. Mwaka 1981 alimaliza wa 5 katika ubingwa wa dunia wa madereva, na hakuwa na kalenda kamili kama wenzake wa Ulaya. Swali linabaki: kama angepewa gari la mwaka mzima na timu yenye feza ya kushinda kila mahali, angefika wapi? Mwenzake wa Datsun, Timo Salonen wa Finland, alihamia Peugeot na mwaka 1985 akawa bingwa wa dunia. Mehta hakupata nafasi ya namna hiyo akiwa katika nguvu zake.

Na dunia haikumngoja. Audi ilikuwa imeleta gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na turbo. Nissan, maana jina la Datsun lilikuwa linaachwa polepole, ilibaki na gari la kuvuta nyuma. Mwaka 1983 Ari Vatanen wa Finland alichukua Safari na Opel, na miaka iliyofuata ikawa zamu ya Toyota. Kipaji cha Mehta hakikupungua kwa siku moja. Kilichopungua ni chombo alichopewa.

Peugeot, Dakar na jangwa la Misri

Peugeot ndiyo iliyomchukua baadaye. Timu yake iliongozwa na Jean Todt, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa rais wa FIA. Mwaka 1986 Mehta aliendesha Safari na Peugeot 205 Turbo 16, gari lenye nguvu za kutisha. Lakini mwaka huo huo ajali mbaya za Ureno na Corsica ziliua watazamaji na piloti, na magari ya aina hiyo yakapigwa marufuku katika ubingwa wa dunia kuanzia 1987. Kwa mara nyingine, uamuzi wa watu wa mbali ulifunga mlango.

Peugeot iliyapeleka magari yale jangwani. Mwanzoni mwa 1987 Mehta alikuwa katika timu yake ya Paris-Dakar, pamoja na Vatanen aliyeshinda. Alikuwa na miaka 41, na ilionekana kama amepata maisha ya pili: jangwa linataka akili ya kubakiza gari, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Haikudumu. Mwaka huo huo, katika rali ya Mafarao kule Misri, alipata ajali kubwa. Alipona, lakini mwili haukurudi kama zamani. Kazi ya usukani ikaisha hapo.

Kutoka usukani mpaka mezani

Wachezaji wengi wakivunjika wanapotea. Mehta aliingia upande wa uongozi. Alifanya kazi ndani ya FIA, akapanda mpaka akawa mkuu wa tume ya ubingwa wa dunia wa rali. Mtoto aliyefukuzwa Uganda alikuwa sasa mmoja wa watu wenye kusema ni nchi gani inapata mashindano na kwa masharti gani.

Na hapo kuna jambo chungu. Safari, mchezo uliomfanya, ulianza kukosa pumzi. Katika miaka ya 1980 jina la sigara Marlboro lilikuwa juu ya mashindano yenyewe, feza ikaingia. Lakini watengenezaji wa magari walilalamika kwamba Safari ni ghali mno: inataka gari la pekee, helikopta, mafundi wengi, na wiki nyingi za mazoezi, kwa mashindano mamoja tu. Wataalamu wa televisheni nao walitaka mashindano mafupi yenye kurudi mahali pamoja. Safari ikafupishwa, lakini madeni na shida za maandalizi hazikuisha. Colin McRae wa Uskochi alishinda mwaka 2002, na hiyo ikawa ya mwisho. Mwaka 2003 Safari haikuwemo tena katika kalenda ya ubingwa wa dunia.

Mehta alikuwa ndani ya shirikisho lile lile. Kuwa na bingwa wa Safari kwenye meza ya FIA hakukutosha kuiokoa Safari. Meza ile inauliza nani atalipa, atalipa lini, na kama njia zitakuwa salama. Hakuna kura ya kumbukumbu.

Shekhar Mehta alikufa London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa wiki ya Pasaka, majira yale yale ambayo zamani magari yalikuwa yanapangwa Nairobi kuanza.

Kilichobaki

Tangu mwaka 1982 Mkenya mmoja tu ameshinda Safari ya ngazi ya dunia, Ian Duncan, mwaka 1994 na Toyota. Baada ya hapo wageni wamechukua zote. Watoto wa Afrika ya Mashariki hawajapungukiwa macho wala mikono. Waliopungua ni wenye kuwaajiri. Zamani kiwanda kilimhitaji mkaaji mwenye kujua njia. Njia ilipofupishwa na kuandikwa yote kwenye karatasi, mkaaji huyo hakuhitajika tena.

Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwezi wa 6 mwaka 2021, ikikimbiwa sehemu za Naivasha, na Sébastien Ogier wa Ufaransa akashinda na Toyota. Ilirudi kwa sababu serikali ya Kenya ilikubali kutia feza. Tena ni ile hesabu ya Kinshasa ya 1974: nchi inalipa ili jina lake lisikike. Wakenya wenyewe wanabishana kama feza hiyo inarudi kwa mwananchi, na ni haki yao kubishana.

Kwa vijana wa Ankoro, Kalemie, Uvira ao Bukavu wenye kucheza mpira, kupigana ngumi ao kukimbiza baiskeli, maisha ya Mehta hayasemi kwamba kipaji kitakufikisha peke yake. Yeye alianza na feza, akaipoteza katika siku 90, kiisha ikabidi kila mwaka aonyeshe tena kwamba anastahili kiti. Katika miaka yake yote ya mbio hakuna mahali alipokuwa na uhakika wa mwaka unaofuata. Alichokuwa nacho ni kujua njia yake kuliko mgeni yeyote, na kufikisha gari mwisho. Ushindi wake 5 mpaka leo haujafikiwa na mtu katika Safari za ubingwa wa dunia, na Mercedes, Ford na Opel, pamoja na feza yao yote, waliuona mgongo wake.